York Ina Vibao, Kitengela Ina Ploti

Ukisoma Leeds na ukapata Jumamosi isiyo na kazi za chuo, kila mtu atakwambia nenda York. Treni haichukui hata nusu saa. Warumi walianzisha mji huo mwaka 71 wakauita Eboracum, wakaja Waviking, wakaja Wanormani, na kila kundi likaacha mawe yake. Ukuta wa kale una urefu wa kilomita 3.4 hivi. Unapanda ngazi na kutembea juu yake, na hakuna anayekuomba tiketi. Kanisa kuu, Minster, ndilo linalotoza kiingilio, nami kwa bajeti ya mwanafunzi nililitazama kwa nje.

Kilichoniteka zaidi ni namna watu wa York wanavyousimulia mji wao. Tangu 1951 kuna chama cha wakazi wanaojitolea kutembeza wageni bila ada. Aliyetuongoza sisi alikuwa mama mstaafu mwenye koti la mvua na sauti ya mwalimu wa zamu. Alitupitisha Shambles, kichochoro kilichokuwa mtaa wa wauza nyama, akatuonyesha kulabu za zamani ambazo bado zipo. Siku hizi pale wanauza zawadi za watalii. Nilicheka kimoyomoyo: kwetu Kitengela bucha bado ni bucha, na nyuma yake kuna choma na kachumbari.

Tulipofika Clifford's Tower, mnara ulio juu ya kilima, mama yule hakubadilisha sauti. Alieleza kwamba Machi 1190 Wayahudi wa York, wapatao 150, walikimbilia ngome iliyokuwa juu ya kilima hicho, umati ukawazingira. Wengi walijiua pamoja na jamaa zao. Waliotoka kwa kuahidiwa usalama wakauawa. Chini ya kilima kuna bamba la kumbukumbu lililowekwa 1978. Aibu ya mji imeandikwa mahali ambapo kila mpita njia ataisoma.

Hapo nikaanza kuiwaza Kajiado, kaunti ya kwetu. Kwa ukongwe, York haituwezi. Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, kuna mashoka ya mawe yaliyochongwa na binadamu wa kale kando ya ziwa lililokauka, mengine yakiwa na umri wa karibu miaka milioni moja. Louis na Mary Leakey walichimba pale miaka ya 1940, na hadi leo mashoka mengi yamelala palepale yalipopatikana. Mgeni anayatazama akiwa juu ya kijia cha mbao. Lakini uliza kwenye steji ya Kitengela ni nani amewahi kufika. Aliyefika atakwambia alipelekwa na shule.

Na historia chungu pia tunayo. Mkataba wa 1904 na Waingereza uliwagawa Wamaasai katika maeneo mawili, Laikipia na kusini mwa reli. Mkataba wa 1911 ukawahamisha wa Laikipia waende kusini, ili ardhi yao wapewe walowezi. Walipoenda mahakamani, mwaka 1913 wakaambiwa kwamba mkataba ni jambo la mataifa mawili, mahakama haina uwezo nalo. Kajiado ya leo ilikuwa sehemu ya eneo hilo la kusini. Kutoka Kitengela hadi Isinya sijaona kibao kinachosema hayo. Ninachosoma njia nzima ni mabango: ploti zinauzwa, futi 50 kwa 100, hati iko tayari. Baada ya bango ni ua wa waya, na ua huo unawazibia njia nyumbu waliozoea kutoka mbuga ya Nairobi mvua ikinyesha.

Mtu atasema kwetu historia haiandikwi ukutani, iko kwa wazee. Ni kweli, na ina utamu wake. Ziara ya York ikiisha, unashukuru na kila mtu anakwenda zake. Mzee wa Isinya atakuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani, chai italetwa, na swali moja litazaa mengine hadi jioni. Lakini lazima ujue boma la kubishia hodi. Kitengela imejaa watu waliokuja kununua ploti, familia yetu ikiwemo. Tunajua bei ya kila kipande na hatujui kilikuwa malisho ya nani. Mji wa wageni ndio unaohitaji zaidi mtu wa kuusimulia kwa sauti.

Kwa hiyo natamani matembezi ya Jumamosi, kuanzia steji, na kituo kimoja kiwe chini ya bango la ploti, hadithi ya 1911 isimuliwe hapohapo. Ila jambo moja la York tusiliige. Mstaafu kama yule mama anaweza kujitolea kwa sababu ana pensheni. Mzee wetu alipwe.