Kijana Mrefu

Alasiri moja ya mvua hapa Kericho, mwanafunzi wangu mmoja, mrefu kupita wenzake, aliniuliza habari za Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Nilimsimulia kwa fahari: mwaka 2009, kati ya vijana wote walioteuliwa kuingia ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, yeye alichaguliwa wa pili, akaenda Memphis.

Hapo nikanyamaza. Sikumwambia kwamba msimu wake wa kwanza haukwisha kabla hajateremshwa katika ligi ndogo, wala kwamba baadaye alitafuta riziki Japani na Taiwani. Nilichelea kumvunja moyo.

Juma lililofuata alirudi, ameyasoma yote.

“Mwalimu, kumbe hata Japani wanacheza?”

Akachukua ufagio, akaenda kuondoa maji kiwanjani.