Zombi wa Marekani, misukule wa kwetu

Haya wadau, leo tuweke pembeni siasa na bei ya mafuta. Tuzungumze kuhusu maiti zinazotembea. Ninayo sababu, nivumilieni.

Kuna sizoni moja ya Marekani inaitwa Z Nation. Ilianza kuonyeshwa Septemba 2014 kwenye kituo cha Syfy, ikamalizika Desemba 2018 baada ya sizoni 5. Walioitengeneza ni The Asylum, wale wale waliotuletea Sharknado mwaka 2013, filamu ya papa wanaobebwa na kimbunga na kuwaangukia watu mjini. Ukishajua hilo, unajua unaingia kwenye kitu cha aina gani. Kisa chenyewe ni kwamba dunia imeisha, watu wamegeuka zombi, na kuna mfungwa mmoja anaitwa Murphy aliyechomwa sindano ya chanjo ya majaribio, akang'atwa na zombi na hakugeuka. Damu yake ndiyo tumaini la binadamu. Kundi dogo linamsafirisha kutoka New York hadi maabara huko California, na yeye mwenyewe ni mchoyo, mwoga, na mdomo wake hauna breki. Njiani wanakutana na kila aina ya kituko: mtoto mchanga aliyegeuka zombi, Kengele ya Uhuru ya Philadelphia inabingirika barabarani na kuwaponda zombi kama nyanya, na kimbunga kinachorusha zombi badala ya papa.

Hapa Arusha watu niliozungumza nao hawakuiona kwenye televisheni. Waliiona kama tunavyoona sizoni nyingi: unakwenda kwenye kibanda cha muvi, unatoa flashi, jamaa anakuuliza, "Ya kawaida au iliyotafsiriwa?" Utamaduni huo ni wa siku nyingi. Marehemu Lufufu alisimulia filamu za nje kwa Kiswahili tangu enzi za kanda, kisha wakaja kina DJ Mack na DJ Murphy (ndiyo, Murphy mwingine, huyu hang'atwi). Na msimuliaji wetu hatafsiri tu. Anatia chumvi, anamtania mhusika, anakuambia nani atakufa kabla hajafa.

Nimekuwa nikiwauliza watu maoni yao kuhusu sizoni hii, na nimegundua wako makundi matatu.

Kundi la kwanza ni wasomi wa zombi. Hawa wametazama The Walking Dead yote, kuanzia 2010 hadi 2022, na kwao Z Nation ni matusi. Rafiki yangu mmoja mhasibu pale Kijenge ananiambia, "Damu yenyewe ni tomato sosi, kaka. Na zombi mmoja nimemwona anacheka." Kwao kisa cha mwisho wa dunia lazima kiwe na uzito, watu walie, waulizane maana ya ubinadamu kwa vipindi vinane mfululizo.

Kundi la pili ni langu. Sisi tunasema sizoni hii inajua kwamba ni masihara, na hiyo ndiyo heshima yake. Haikudanganyi. Halafu chini ya masihara kuna mambo. Kiongozi wa kundi kwa sehemu kubwa ni Warren, mwanamke mweusi, ameigizwa na Kellita Smith. Chalii mmoja wa Ngarenaro alinipa uchambuzi ambao sijausoma kwenye gazeti lolote: "Kwenye muvi za Wamarekani mweusi anakufa dakika ya kumi. Huku mweusi ndiye anawazika wenzake." Nikamwambia aje achukue kazi yangu.

Kundi la tatu hawatazami. Si kwamba ni mbaya au nzuri. Wanasema, "Haya mambo yapo." Na hapo ndipo kicheko kinapoishia.

Kila Mtanzania anayesoma hapa anajua habari za misukule, hata kama haamini. Mtu anakufa, analiliwa, anazikwa. Lakini wanaoamini watakwambia kilichozikwa ni gogo la mgomba tu, macho yenu yalifumbwa. Mwenyewe kachukuliwa na mchawi, kakatwa ulimi asiseme, analishwa pumba, anafanyishwa kazi shambani usiku. Filamu za kutisha za kwetu, kama Nsyuka ya Mussa Banzi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, zimechota kwenye imani za nyumbani namna hii, si kwenye maabara ya California.

Sasa nije kwenye sababu yangu. Mama yangu mkubwa anaishi upande wa Nkoaranga, huko juu kwenye miteremko ya Meru, kwenye migomba na kahawa. Mwanawe wa mwisho alikufa kwa ajali ya bodaboda kwenye barabara ya Moshi. Tulizika. Miezi michache baadaye mganga mmoja, si wa huko kwetu, akamwambia mama kwamba kijana hajafa, amechukuliwa, na aliyemchukua ni mwanamke jirani mwenye ng'ombe. Ukitazama kijiji kizima, mwenye ng'ombe na asiye na mume wa kumtetea ni bibi mmoja tu. Mganga hakutaja jina. Hakuhitaji.

Kuanzia hapo mama akaacha kununua maziwa kwa yule bibi. Majirani wengine wakafuata. Na usiku mama hafungi komeo la mlango wa jikoni. Ukimuuliza kwa nini, anasema komeo ni bovu. Komeo ni zima, nimelijaribu mwenyewe.

Alikuja mjini kwa ajili ya kliniki ya macho, akafikia kwangu Sakina. Jioni mimi na binamu yangu tulikuwa tunatazama Z Nation, tunacheka. Mama yuko pembeni anachambua mchele. Ikafika sehemu ambayo mmoja wa kundi anampiga risasi ya kichwa mtu wake aliyegeuka. Kwenye sizoni hii wana neno lao kwa jambo hilo, wanasema wamempa huruma. Mama akauliza, "Huyo aliyempiga ni ndugu yake?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Anamhurumia, maana ameshageuka."

Akasema, "Huruma gani hiyo? Si wangemfunga kamba wakampeleka kwa mama yake."

Binamu yangu, ambaye hapo nyuma alikuwa anacheka kuliko wote, akachukua rimoti akazima. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama, mimi ndiye niliyemwosha. Mochwari, mimi na mjomba. Lile kovu la gotini alilopata akidondoka kwenye mparachichi, nimeliosha kwa mkono wangu. Tulimvisha ile shati ya bluu. Halikuwa gogo, mama. Alikuwa yeye."

Mama hakujibu. Aliendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha, halafu akauchambua tena.

Nimelifikiria swali lake kwa wiki kadhaa sasa, kwa sababu nadhani ni uchambuzi wa sizoni ile unaotushinda wote, wasomi wa zombi na sisi wa masihara. Zombi wa Marekani ni adui. Wewe uliye hai ndiye unayeonewa, na bunduki yako ni halali. Msukule ni mwanao. Yeye ndiye anayeonewa, na mwovu ni mtu hai mwenye shamba.

Na cha ajabu, zombi wa mwanzo alikuwa kama msukule wetu. Neno hilo Wamarekani walilipata Haiti, koloni la Ufaransa la mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika, mpaka walipojikomboa na kutangaza uhuru mwaka 1804. Zombi wa Haiti hali mtu. Ni mfu aliyeinuliwa ili afanye kazi bila ujira, yaani kwa mtu aliyezoea kuona utumwa, jambo la kutisha kuliko kifo ni kwamba hata kifo hakikutoi shambani. Filamu ya White Zombie ya 1932 bado inawaonyesha wakisukuma mashine kwenye kiwanda cha sukari. Zombi mla watu alikuja na George Romero kwenye Night of the Living Dead mwaka 1968, na humo hata neno zombi halitamkwi. Na sisi tumekuwa na mashamba ya mkonge, na wafanyakazi walioitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Nchi iliyogeuza watu kuwa namba isishangae ikiota ndoto za watu wasio na ulimi wanaolima usiku.

Lakini kuelewa ndoto inatoka wapi si sawa na kumwachia mganga aiuze. Sheria yetu ya Uchawi ni ya mwaka 1928, aliiweka Mwingereza, na inakataza kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi. Karibu karne nzima imepita na bado vikongwe wameuawa Kanda ya Ziwa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyopikia kuni miaka sitini. Imani ya msukule ina huruma kubwa ndani yake kwa aliyekufa. Shida ni kwamba haina huruma yoyote kwa jirani.

Kwa hiyo nikiulizwa maoni, nasema Z Nation ni nzuri, itazame, cheka. Ila natamani siku moja kijana wa hapa Arusha mwenye kamera achukue msukule atengeneze sizoni yetu. Isiwe ya mchungaji anayemfufua mtu mbele ya umati, hizo tunazo. Iwe ya mama asiyefunga komeo, na bibi ambaye maziwa yake yanachacha kwenye ndoo.

Dada yangu wa Nkoaranga alinipigia Jumapili. Anasema mama ameanza tena kununua maziwa kwa yule bibi, nusu lita, anamtuma mtoto, haendi mwenyewe. Mlango wa jikoni bado.

Mdau, huko kwenu wanasemaje? Kuna mtu kwenye ukoo wako ambaye mpaka leo anasubiri?