Waliomvaa Daktari

Jioni ya Jumamosi, tarehe 29 Oktoba 1966, watazamaji wa televisheni nchini Uingereza walimwona mzee mwenye nywele nyeupe akianguka juu ya sakafu ya chombo chake. Mwanga mkali ukamfunika uso, na ulipopungua, aliyelala pale alikuwa mtu mwingine, mwenye nywele nyeusi na umri mdogo zaidi. Hapakutolewa maelezo yoyote. Hadithi ikakatika hapo hapo, na aliyetaka kujua kulikoni akasubiri wiki nzima.

Tamthilia yenyewe ni Doctor Who, iliyoanza kuoneshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Mhusika wake mkuu ni msafiri asiyejulikana kwa jina ila kwa lakabu ya Daktari, aendaye huku na huko katika nyakati na nyota ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha polisi, kidogo kwa nje na kikubwa mno kwa ndani. Wapenzi wa ushairi hawana haja kubwa na vyombo hivyo wala na majitu ya chuma yanayopambana navyo. Kinachostahili kuangaliwa ni hili la mtu mmoja kuvaliwa na waigizaji zaidi ya kumi, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka zaidi ya sitini, na kila mmoja kulazimika kumkuta ndani ya nafsi yake mwenyewe. Mshairi aitungaye tarbia hakuiunda yeye. Mizani na vina vimemtangulia. Lakini havimfai kitu kama hana lake la kusema, na akiimba la mwenziwe, wasikizaji humtambua tangu ubeti wa kwanza.

William Hartnell alikuwa na miaka 55 alipoichukua kazi hiyo, naye alikwishachoka kuwa sajini. Filamu na televisheni zilimzoea katika sare ya jeshi, akifoka. Hata filamu ya kwanza ya vichekesho vya Carry On, ya mwaka 1958, ilimpa nafasi hiyo hiyo. Waliomwendea kumshawishi walikuwa vijana: mtayarishaji Verity Lambert, aliyekuwa hajatimiza miaka 28, na mwongozaji Waris Hussein, mzaliwa wa Lucknow, India. Sehemu ya kwanza ilirikodiwa mwezi Septemba 1963, ikatazamwa na Sydney Newman, mkuu wa idara ya michezo ya kuigiza, ikakataliwa. Miongoni mwa kasoro zake alikuwa Daktari mwenyewe: mkali, mwenye kiburi, asiyependeka. Ikarikodiwa upya mwezi uliofuata.

Katika rikodi ya pili Hartnell hakuuondoa ukali. Aliutia utani ndani yake, ukawa wa babu anayejua siri na kufurahi kuificha. Kadiri miezi ilivyopita, babu huyo akawa babu wa watoto wa nchi nzima. Hata udhaifu wake uliingia katika uhusika. Maradhi ya mishipa ya damu yalianza kumla kumbukumbu, akawa anapotewa na maneno, anakwama, anaguna, kisha anaendelea. Majina ya wasafiri wenziwe aliyapotosha, mara nyingine kwa makusudi. Kurikodi upya kulikuwa na gharama, kwa hiyo mengi yaliachwa kama yalivyo, na watazamaji wakayapokea kuwa ndiyo tabia ya Daktari, mzee ambaye akili yake huutangulia ulimi. Katika hadithi yake ya mwisho aliumwa hata akakosekana kabisa katika sehemu ya tatu, na maneno yake wakapewa wengine. Hapana shaka kwamba nafasi hii aliipenda, na kwamba kuiacha kulimuuma.

Kubadilisha mwigizaji halikuwa jambo geni katika michezo ya kuigiza. Ajabu ilikuwa kumbadilisha na kukiri mbele ya watazamaji kwamba amebadilika. Patrick Troughton angeweza kumwiga Hartnell, na pengine angeshangiliwa kwa miezi miwili. Hakufanya hivyo. Katika The Power of the Daleks, iliyoanza tarehe 5 Novemba 1966, Daktari mpya anamtaja Daktari kwa nafsi ya tatu, kana kwamba anamzungumzia marehemu wa nyumba ya jirani. Akiulizwa, anapiga filimbi. Ben, baharia aliyekuwa akisafiri naye, hamwamini. Anayemtambua ni adui: Dalek anamkazia jicho lake moja, na hapo ndipo shaka ya Ben inapoanza kulegea. Waandishi walikuwa na akili. Mrithi akitambuliwa na hasidi, rafiki hana tena la kubisha.

Inasikitisha kwamba hadithi hiyo haionekani. BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ile ili zitumike tena, na sehemu zake zote sita zikapotea. Kilichobaki ni sauti, zilizorikodiwa majumbani na watazamaji, na juu ya sauti hizo ikatengenezwa katuni mwaka 2016. Sehemu ya mwisho ya Hartnell nayo imepotea, isipokuwa zile sekunde za mabadiliko, ambazo ziliokoka kwa sababu kipindi cha watoto, Blue Peter, kilizionesha mwaka 1973. Kwa muda mrefu Troughton alikuwa Daktari wa kusimuliwa zaidi kuliko wa kutazamwa. Kisha mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sehemu tisa zake zimepatikana huko Jos, Nigeria, zikiwemo za The Enemy of the World, ambamo anaigiza watu wawili: Daktari, na dhalimu aitwaye Salamander. Sura ni moja, na mtazamaji hata hivyo anaishi na watu wawili. Aliyeidhani tabia ya Daktari huyu kuwa ni uzembe tu wa Troughton mwenyewe, hapo ataona kazi iliyofanyika.

Jon Pertwee, aliyeanza Januari 1970 tamthilia ilipoingia katika rangi, alikuwa na shida nyingine. Alikuwa mtu wa sauti nyingi, maarufu kwa vichekesho vya redio, na kwa miaka mingi alijificha nyuma ya sauti hizo. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alipouliza amwigize vipi Daktari, alijibiwa awe Jon Pertwee. Naye hakumjua huyo Jon Pertwee ni nani. Ikabidi amtafute. Mapenzi yake ya magari, ya mwendo wa kasi na ya mavazi ya madaha yakaingia katika uhusika, na yule aliyezoea kuchekesha akawa Daktari mwenye haiba kuliko wote waliomtangulia. Mwishoni mwa 1972, katika The Three Doctors, alikutanishwa na Troughton na Hartnell. Hartnell alikuwa mgonjwa sana. Alirikodiwa peke yake, ameketi, akisoma maneno yake kwenye vibao. Hakuigiza tena baada ya hapo, na mwaka 1975 akafariki.

Tom Baker alipatikana mwaka 1974 akiwa kibarua kwenye ujenzi. Ujanani alikuwa mtawa. Aliyewavuta watayarishaji ni mchawi mwovu aliyemwigiza katika filamu ya safari za Sindbad, na watu wa pwani watacheka kidogo kusikia kwamba Daktari mpendwa kuliko wote aliingia kwa mlango wa baharia wetu wa hadithi. Skafu yake ndefu ilitokana na ziada: mfumaji alipewa sufi nyingi akaifuma yote. Baker alikaa miaka saba, muda ambao hakuna mwingine aliyeufikia, na mwishoni ilikuwa vigumu kujua ni nani amemvaa mwenziwe. Peter Davison, aliyemfuata, alishika ushauri wa Troughton wa kutozidisha miaka mitatu. Baadaye alisema kwamba hadithi zake zote zingekuwa kama ile ya kumuaga, The Caves of Androzani ya mwaka 1984, pengine asingeondoka.

Mwenye kisa kizito zaidi ni Colin Baker. Alianza mwaka 1984 akiwa na azma ya kuipita hata ile miaka saba. Daktari wake aliingia kwa ugomvi. Katika hadithi yake ya kwanza kabisa anamkaba koo msafiri mwenziwe. Azma ilikuwa kwamba ukali huo uyeyuke kidogo kidogo kwa miaka, na kwamba chini ya koti lile la marangirangi, ambalo mwenyewe hakulipenda, watazamaji waje wagundue moyo. Mpango kama huo unahitaji kitu kimoja, nacho ni muda. Mwaka 1985 tamthilia ikasimamishwa kwa miezi 18. Ikarudi mwaka 1986 kwa sehemu 14 tu, kisha akaondolewa. Alipoombwa arudi kwa hadithi moja ili afe vizuri, alikataa, na ni nani atakayemlaumu? Matokeo yake, mwaka 1987 mrithi wake, Sylvester McCoy, alilazwa chini amevalishwa koti la mwenziwe na nywele za bandia, mwanga ukapita, ikawa yamekwisha.

Lakini hayakuisha. Kuanzia mwaka 1999 kampuni ya Big Finish ilianza kutoa hadithi mpya za Daktari kwa sauti pekee, na Colin Baker akaitwa. Mwaka 2000 alipewa mwenzi mpya, Evelyn Smythe, mwanamke mtu mzima, mwalimu wa historia, asiyetishwa na makelele ya mtu yeyote. Pasipo koti la kutazama, sauti yake ikasikika: pana, yenye majivuno, na ndani ya majivuno upole. Yale yaliyopangwa yamee kwa miaka saba kwenye televisheni yalimea katika chumba cha kurikodia, zaidi ya miaka kumi baada ya kufukuzwa. Paul McGann naye, ambaye filamu yake moja ya mwaka 1996 ilionekana kuwa mwanzo na mwisho wake, alikulia huko huko kuanzia 2001.

McCoy alianza kwa kuchekesha, akipotosha methali, kichwa cha hii na mkia wa ile, jambo ambalo lingemletea matata katika baraza yoyote ya wazee wetu. Katika miaka miwili iliyofuata alijizima taratibu, akawa mtu wa siri na hila, mpaka utani wake wenyewe ukatisha. Tamthilia ikakatwa Disemba 1989, akiwa ndiyo kwanza amekolea.

Iliporudi mwaka 2005 mambo yalikwenda mbio zaidi. Christopher Eccleston alikaa msimu mmoja tu. David Tennant na Peter Capaldi walikuwa wameipenda tamthilia hii tangu utotoni, na kazi yao ilikuwa kuyasahau mapenzi hayo ili waweze kuigiza. Matt Smith, aliyetaka kuwa mchezaji mpira hadi mgongo ulipomzuia, alikuwa na miaka 26 alipochaguliwa. Alitazama hadithi ya Troughton ya mwaka 1967, na humo akaupata uzee wa kuutia ndani ya ujana wake. Mwaka 2018 Jodie Whittaker akawa mwanamke wa kwanza kuipokea tamthilia kwa nafasi hiyo.

Ncuti Gatwa alizaliwa Kigali mwaka 1992. Familia yake ilikimbia mauaji ya kimbari ya 1994, ikahamia Scotland, na huko akakulia. Disemba 2023 alimpokea Daktari kwa namna isiyokuwa na mfano: mtangulizi wake, Tennant aliyekuwa amerudi, hakutoweka; miili ikaachana, wakasimama wawili. Gatwa alileta machozi mepesi, kucheza na kukumbatia. Uhusika wake, hata hivyo, ulikomaa zaidi Mei 2025 katika The Story & the Engine, iliyoandikwa na Inua Ellams, mshairi mzaliwa wa Nigeria. Daktari anakwenda Lagos, katika duka la kinyozi, kwa sababu katika mwili huu mweusi duniani hapokewi kila mahali kama zamani, na pale hupokewa kama wa nyumbani. Wanaume wanakaa kwenye kiti, wananyolewa, wanasimulia, na hadithi zao ndizo zinazoendesha mtambo. Hakuna Daktari mwingine aliyetangulia ambaye angeweza kukikalia kiti kile kwa maana ile ile.

Baada ya wiki tatu, tarehe 31 Mei 2025, mwanga ukamchukua, akiwa na misimu miwili tu ya sehemu nane nane pamoja na vipindi viwili vya Krismasi. Sura iliyotokea ilikuwa ya Billie Piper, aliyekuwa msafiri mwenzi wa Daktari mwaka 2005. Katika orodha ya waigizaji jina lake liliandikwa peke yake, bila kutajwa anamwigiza nani.