Ukoo Unaosahau Mapema

Huko Antioquia, Colombia, upo ukoo ambao watu wake huanza kusahau wakiwa na miaka 44 hivi. Wakifika 50, baadhi hawawatambui hata watoto waliowazaa. Ni Alzheimer ya kurithi. Mzazi akiwa na kasoro ya jeni PSEN1, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu.

Daktari Francisco Lopera alianza kuwafuatilia miaka ya 1980. Walitoa damu, majibu hawakupewa. Dawa haikuwapo, na binti anayemlisha mama yake kwa kijiko anajua tayari anachoweza kuambiwa.

Ila mama mmoja, mwenye kasoro hiyohiyo, alikaa na akili timamu hadi miaka ya sabini. Mwaka 2019 watafiti walieleza: alirithi badiliko jingine, adimu, la jeni APOE, kwa baba na kwa mama. Alipofariki, familia iliwaachia ubongo wake wauchunguze.