Mzee Majuto alivyomfungua mdomo baba yangu

Baba yangu si mtu wa kucheka ovyo. Ameendesha lori miaka mingi, akibeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Arusha na vyakula vya dukani kutoka Karatu kupandisha Endulen, ndani ya Ngorongoro. Kazi ile ilimzoesha kukaa kimya. Sisi watoto tulijua amefurahi akivua kofia.

Ila mbele ya Mzee Majuto alikuwa mtu mwingine.

Tulipopata umeme na deki nyumbani, Jumapili jioni ilikuwa zamu yake. Anaweka CD, anavuta kiti, na kabla mzee yule hajasema neno, baba ameshaanza kutikisika mabega. Mama, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Kiiraqw, alikuwa hashiki kila neno la yule mtu wa Tanga. Hakuhitaji. Alikuwa anaangalia uso tu: macho yanavyotoka, mdomo unavyobinuka, mzee mzima anavyojitetea kwa uongo ambao hata mtoto haudanganyiki nao.

Jina lake halisi ni Amri Athumani. Alizaliwa Tanga mwaka 1948 na akaanza kuigiza mwaka 1958, akiwa bado mtoto. Hebu piga hesabu, mzazi mwenzangu: miaka 60 ya kuchekesha watu. Alianzia jukwaani, akaja kwenye kanda za video, kisha CD, televisheni na matangazo ya biashara. Vijana wakamwita King Majuto, na aliwapokea. Watu wengi wanamkumbuka akiwa na marehemu Hussein Mkiety, Sharo Milionea, kijana wa majivuno na mzee wa vituko, wakigongana kila hatua. Sharo alifariki kwa ajali ya gari huko Muheza Novemba 2012, na Jumapili ile baba hakuweka CD.

Mzee Majuto aliigiza watu tunaowajua. Baba mbahili anayeficha hela. Mzee anayetamani asivyoviweza. Mkubwa wa nyumba anayetoa amri huku akijua hakuna anayemsikiliza. Ndiyo maana tulicheka. Kila mmoja wetu alikuwa anamcheka mtu wa nyumbani kwake bila kumtaja.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Mwaka 2018 mwanangu wa kiume alikuwa na miaka saba, na alikuwa ameshaanza kuiga watu. Likizo ya Juni tulikuwa kwa wazazi wangu, Karatu, katika baridi ile ya kuvalia sweta mbili. Jioni moja baada ya kula, mtoto akasimama katikati ya sebule na kusema, "Mimi ni Mzee Majuto, lakini ni Babu." Akajifunga shuka, akachukua tochi, akaanza kutembea kwa hatua fupi za haraka kuelekea mlangoni. Akatoka, akarudi, akakaa. Akaguna. Akainuka tena. Akatoka, akarudi. Mara tano.

Tulicheka mpaka machozi. Mimi, mume wangu, wadogo zangu, wote.

Baba hakucheka. Mama pia hakucheka. Aliinuka na kwenda kukusanya vyombo ambavyo vilikuwa vimeshakusanywa.

Mtoto alikuwa analala chumba kimoja na babu yake. Alikuwa ameona usiku yale ambayo sisi watu wazima hatukuyaona mchana, na hakujua kwamba ni siri. Usiku ule nilitegea sikio. Mlango wa nyuma ulilia saa tano, saa saba, saa nane, saa kumi.

Asubuhi nilitaka kumuuliza. Lakini mimi ni binti yake. Kwetu, binti hamuulizi baba yake habari za haja ndogo. Nikamuuliza mama. Akasema, "Ni uzee, mwanangu." Nikaona ananikwepa macho, nami nikakubali kudanganywa, maana ilikuwa rahisi kwangu pia. Tukarudi Arusha.

Mwezi Mei mwaka huohuo taarifa zilikuwa zimeenea kwamba Mzee Majuto amepelekwa India kwa matibabu, na ugonjwa uliotajwa ulikuwa tezi dume. Alirudi, kisha akalazwa tena Muhimbili. Usiku wa Agosti 8, Siku ya Nane Nane, akafariki dunia. Alizikwa kwao Tanga.

Baba alisikia redioni asubuhi. Mama ananiambia alizima redio, akakaa uwanjani na kofia mkononi. Kisha akanipigia simu, yeye ambaye hapigi simu mpaka kuwe na msiba au mavuno.

"Umesikia habari ya Majuto?"

"Nimesikia, baba. Pole."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Alichokuwa anaumwa yule mzee, nafikiri na mimi ninacho. Mwambie mume wako aje."

Hakuniambia zaidi, na sikuuliza. Mume wangu aliondoka siku ileile.

Baadaye utingo wake alitusimulia jambo lililonitia baridi. Kwa zaidi ya mwaka, walipokuwa wanapandisha kutoka lango la Lodoare kwenda Endulen, baba alikuwa anasimamisha lori mara tatu na kushuka. Pale ni msitu wa ukingo wa kreta, nyati wanatoka kichakani bila kubisha hodi, na kila dereva wa njia ile anajua kwamba hushuki ovyo. Baba alikuwa anaona nafuu kukutana na nyati kuliko kumwambia mtu kwamba mkojo unamsumbua.

Hospitalini walimpima damu na kumpiga picha. Tezi ilikuwa imekua sana na ilikuwa inabana njia ya mkojo, lakini haikuwa saratani. Walimwekea mpira kwa muda, kisha akafanyiwa upasuaji. Daktari alitueleza kwamba kukua kwa tezi dume ni jambo la kawaida kwa wanaume wenye umri mkubwa na kwamba si kila tezi iliyokua ni saratani. Ila dalili zinaweza kufanana: kuamka usiku mara nyingi, mkojo kutoka kwa shida au kukatikakatika, kuhisi kibofu hakijaisha. Kinachotofautisha ni vipimo, na kipimo cha kwanza mara nyingi ni cha damu tu. Mwanaume aliyefikisha miaka 50 asingoje dalili ndipo aongee na daktari. Ambaye baba au kaka yake aliugua saratani ya tezi dume, aende mapema zaidi.

Mwaka huo wa 2018 tulijifunza jingine kutoka kwa mzee yule. Wakati anaumwa, Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwamo. Mtu aliyechekesha nchi nzima kwa miaka 60 alikuwa anatafutiwa haki yake akiwa kitandani.

Nasema hivi kwa sababu mwanangu sasa yuko sekondari na bado anaiga watu. Ananiambia anataka kuwa mchekeshaji. Sijamkataza. Nimempa masharti mawili: amalize shule, na asitie saini karatasi yoyote ambayo baba yake na mimi hatujaisoma.

Babu yake ameacha lori. Jumapili iliyopita tulikuwa kwake, na kijana akaombwa aigize. Akajifunga shuka, akachukua tochi, akaenda mlangoni mara moja tu. Akarudi, akajilaza kwenye kochi na kukoroma kwa nguvu kama trekta la ngano.

Baba alivua kofia. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.