Kanda Yaja Ijumaa

Hebu nikuulize, msomaji wangu: ni lini mara ya mwisho ulipoungojea wimbo? Sisemi kuusikiliza. Nasema kuungojea, kuuhesabia siku kama mtoto ahesabuvyo siku za Krismasi, ukilala na kuamka ukijiuliza utakuwaje.

Swali hili lilinijia Novemba 2024, nilipokuwa nimemtembelea dada yangu mjini Kisii. Mwanawe anasoma katika Chuo Kikuu cha Kisii. Usiku wa kuamkia tarehe 15 kijana huyo alikataa katakata kwenda kulala. Aliketi sebuleni, simu mkononi, masikio ameyaziba, akiingoja saa sita ya usiku. Kundi la Linkin Park la Marekani lilikuwa likitoa albamu mpya, From Zero, na yeye alitaka kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuisikia.

Dada yangu alinung'unika mpaka akachoka. Mtoto wa Mgusii na roki wapi na wapi? Makelele matupu! Mimi nilimtetea mpwa wangu. Nilimkumbusha dada kwamba majirani zetu Wakipsigis walianza mambo haya zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi ngoma na nyimbo, aliwakuta wasichana wa Kapkatet wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa gita wa Marekani ambaye sauti yake iliwafikia kwa gramafoni. Jina lake walikuwa wameligeuza likawa Chemirocha. Basi ikiwa Mmarekani aliweza kugeuzwa akawa wa Kapkatet, sembuse hawa wa Linkin Park? Dada akasonya, akaenda zake kulala.

Saa sita ilipofika, kijana alifumba macho, akatulia kama mtu aliye kanisani. Baadaye alinieleza. Albamu yao iliyotangulia ilitoka mwaka 2017, na mwaka huohuo mwimbaji wao, Chester Bennington, akafariki. Mashabiki walidhani basi, yamekwisha. Miaka saba ikapita, kisha Septemba 2024 wakatangaza kwamba wana mwimbaji mpya, Emily Armstrong, na albamu iko njiani.

"Miaka saba, mjomba!" akasema. "Na nyinyi zamani mlikuwa mkimngoja nani?"

Nilicheka, nikamsimulia. Lakini nilimsimulia nusu tu. Nusu iliyobaki nakuambia wewe.

Sisi tulikuwa watu wa Nyamira, upande wa Kebirigo, ambako kilima chote ni chai. Marehemu baba alikuwa na gramafoni na santuri zake chache, zile ndogo ambazo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Nakwambia, utamu wote wa gita ulikuwa upande wa pili. Ukiigeuza santuri polepole watu walikugombeza kana kwamba umemwaga uji. Alimpenda Christopher Monyoncho kupita kiasi. Alimpenda pia Mwalimu Arisi O'Sachi, ila huyo alimsikiliza akiwa peke yake. Kwa nini, hakutuambia.

Wakati ule habari za santuri mpya zilitangulia santuri yenyewe kwa miezi. Wengi wa waimbaji wa zamani hawakuwa na haja ya kufika Nairobi, maana pale Kericho palikuwa na duka la Chandarana ambalo lilikuwa pia na studio, na waimbaji wa Kisii, Waluo na Wakipsigis walirekodi pale. Kutoka kwetu ukifuata barabara ya Chemosit Kericho si mbali. Mtu akirudi kutoka huko alikuja na habari: fulani ameonekana na gita lake, amekaa siku mbili, ameimba nyimbo nne. Basi! Kuanzia hapo baba alianza kungoja. Betri za redio zilianikwa juani juu ya paa zipate uhai kidogo, ili zile saa chache za Ekegusii kutoka Kisumu zisimpite wimbo ukichezwa. Na bonasi ya chai ilipotoka Oktoba, kitu cha kwanza kilikuwa karo, cha pili chumvi na mafuta ya taa, na cha tatu, mama akiwa hatazami, santuri.

Lakini usidhani walichongojea wazee wale ni muziki tu. Muziki wenyewe walikwisha kuusikia. Mwimbaji alikuwa amepita kwenye arusi na vilabuni akiupiga wimbo huo miezi sita, kila mtu anajua kiitikio. Walichongojea ni majina. Katika benga ya kwetu, kama ilivyo ya Waluo, mwimbaji huwataja watu: aliyemlaza, aliyemchinjia kuku, aliyemlipia nauli, mwalimu fulani wa shule fulani, mwenye matatu fulani. Kutajwa katika sahani ilikuwa sawa na kuandikwa kwenye jiwe. Nilimjua mzee mmoja aliyemlisha mwimbaji wiki nzima, kisha santuri ilipotoka akasikia ametajwa jirani yake, ambaye alimpa mtu huyo maji ya kunywa tu. Hawakusalimiana mpaka mvua za masika.

Haya yote nilimwambia mpwa wangu, naye akafurahi sana. Alitaka kujua kama Monyoncho alipata kuzuru Nyamira, akataka kujua obokano ni nini hasa. Nikamwambia ni zeze letu kubwa la nyuzi nane, sauti yake nzito huingia tumboni kabla ya kufika masikioni, na kwamba masikio yangu mimi hulisikia obokano ndani ya gita la besi la benga ya Kisii hadi leo. Akaandika jina hilo kwenye simu yake. Tukaachana hapo, nikaenda kulala, wala usingizi haukuja.

Sasa sikiliza. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1991. Sikuwa na kazi, nikaenda kukaa na binamu yangu aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Alitengeneza redio, alichaji betri za gari, na alikuwa na mashine ya kaseti yenye nafasi mbili. Santuri zilikuwa zimekwisha kupitwa na wakati. Dunia ilikuwa ya kanda. Mashine ile ilikuwa na kitufe cha kunakili kwa kasi maradufu, na kwa kitufe hicho tulikula na kuvaa.

Mwaka 1992 ikavuma kwamba mwimbaji mmoja kutoka upande wetu wa Nyamira ameingia studio River Road, Nairobi. Sitamtaja. Si Monyoncho, wala si Arisi O'Sachi, usije ukanifungulia mashtaka bure. Alikuwa kijana kidogo kuliko hao, na kanda yake ya kwanza ilikuwa hiyo. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, kila mtu alikuwa na la kusema, na uvumi ulisema kuna wimbo humo ambao KBC haitathubutu kuucheza. Uvumi wa namna hiyo, msomaji, ni tangazo kuliko tangazo. Makanga wa Nairobi walikuwa wakiulizwa kila asubuhi: imetoka? Bado. Imetoka? Bado, wanachapisha karatasi. Mimi nilichukua kipande cha katoni nikaandika kwa wino mwekundu: KANDA YAJA IJUMAA. Nikakitundika kibandani. Haikuja Ijumaa hiyo, wala iliyofuata. Sikukiondoa, na watu hawakuchoka kuja. Wasichana wa sekondari wenye sare, walimu, wauza ndizi, mapolisi wawili. Walisimama wakaulizana nani atakuwa ametajwa.

Ijumaa ya tatu ilikuja. Kondakta mmoja alituletea kanda moja, halisi, yenye picha ya mwimbaji amevaa suti iliyompwaya. Bei yake ilikaribia shilingi mia. Tuliinunua. Nataka uelewe hilo: tuliinunua, hatukuiba. Tukaiweka kwa sauti kubwa, na soko likasimama. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la mboga za chinsaga alilitua chini akacheza peke yake, macho amefumba, kama alivyofumba mpwa wangu juzi. Wimbo wa siasa haukuwemo kabisa! Ulikuwemo wimbo wa mtu aliyeuza shamba la babake akanywa pesa zote, na kila aliyesimama pale alijua ni nani anayesemwa, na kila mmoja alimjua tofauti.

Halafu tukaanza kazi. Ukija na kanda yako tupu, tulikunakilia kwa shilingi kumi na tano. Huna, tulikuuzia na kanda yenyewe kwa arobaini. Mashine ilifanya kazi tangu mapambazuko hadi saa nne za usiku. Kichwa chake kilipata moto mpaka binamu akakipulizia kwa mdomo na kukipangusa kwa pamba yenye spiriti. Kazi ya kuhesabu ilikuwa yangu. Nilipiga vijistari kwa kalamu nyuma ya kile kipande cha katoni, vitano vitano. Kufikia Jumapili usiku vilikuwa sabini na kimoja. Kufikia sikukuu za Krismasi vilikuwa mia mbili na kumi na viwili, na nilipata viatu vipya na tikiti ya kwenda kuitazama Shabana katika uwanja wa Gusii.

Utaniuliza, hamkujua ni makosa? Sheria ya hakimiliki ilikuwepo Kenya tangu mwaka 1966, na chama cha kuwakusanyia wanamuziki haki zao kilianzishwa mwaka 1983. Mimi sikuwa nimesikia habari za sheria hiyo wala za chama hicho. Lakini nisijifiche nyuma ya ujinga. Wale mapolisi wawili walichukua kanda zao mbili bure, na mtu haombwi kitu bure na polisi pasipo na sababu. Tulijua kidogo. Tulijiambia kwamba tunamsaidia mwimbaji, tunamtangaza. Na ni kweli tulimtangaza. Hakukuwa na arusi kuanzia Kenyenya hadi Ikonge ambayo nyimbo zake hazikupigwa.

Mwaka uliofuata watu walianza kuuliza juu ya kanda ya pili. Mimi mwenyewe niliulizia kuliko wote. Nilikuwa shabiki kwelikweli, niamini. Nyimbo sita zile nilizijua kwa pumzi, najua hata mahali mpiga gita alipokosea akajirudi. 1993 ikapita. Nikakibandika tena kile kipande cha katoni mara moja, kwa uvumi tu, nikakiondoa.

Mwezi wa Agosti 1994 nilipanda matatu Kisii kwenda Keroka, na aliyeketi karibu nami dirishani alikuwa ni yeye. Nilimjua kwa ile picha, ingawa suti haikuwepo. Alikuwa na mche wa sabuni na gunia lililokunjwa, anatoka sokoni kuuza viazi. Moyo ulinidunda kama wa msichana. Nilimsalimu kwa heshima, nikamwambia mimi ni mpenzi mkubwa wa nyimbo zake, nikataja zote sita kwa mpangilio wake. Alifurahi, tena sana. Alinishika mkono akawa hauachi.

"Mzee, kanda nyingine tuitazamie lini?" nikamwuliza.

Alitazama nje kidogo. Gari lilikuwa linapanda kilima.

"Kijana wangu, nyimbo ninazo. Nane ziko tayari. Nilikwenda Nairobi kuwaambia, wakanitolea karatasi. Kanda zilizouzwa Kisii na Nyamira yote ni mia moja na arobaini. Wakaniambia wewe, watu wa kwenu hawakutaki. Nenda ulime."

Akacheka. Kisha akanigeukia, na hakuwa akinisuta, maana hakujua lolote. Alikuwa akiuliza kama mtu anayetaka kweli kusaidiwa kuelewa.

"Lakini kila ninakokwenda, hata watoto wanaziimba. Hapa kwenye gari hili umenitajia zote. Hebu niambie wewe uliyesoma: hao wote walizipata wapi?"

Nauli yangu ilikuwa ya kunifikisha Keroka. Niligonga bati, nikashukia Keumbu.