Masikio ya Baba na Spika za Ukutani

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga ukuta kwanza, kisha ndipo nikaanza kuutafuta ufa.

Tulipokuwa tukimalizia sebule yetu, nilimwagiza fundi azifukie spika mbili ndani ya ukuta, ili watoto wasichezee nyaya. Kazi ilipendeza macho. Lakini tangu siku ile baba yangu, askari polisi mstaafu, hakuifurahia tena taarifa ya habari. "Msomaji huyu hana kifua," alikuwa akisema. "Ongeza sauti." Nami niliongeza, hata majirani wakanung'unika. Jioni moja, mbele ya wageni, ulimi uliniponyoka: nikamwambia kwamba tatizo ni masikio yake yaliyoharibiwa na bunduki. Alinyamaza, akachukua fimbo yake, akaenda kulala. Baada ya hapo akawa anasikiliza redio yake ndogo chumbani, peke yake.

Fundi alinishauri ninunue amplifaya yenye nguvu maradufu. Kabla sijatoa fedha nilikumbuka tuliyofundishwa chuo cha ualimu, kwamba mwalimu asimlaumu mwanafunzi kabla ya kulichunguza swali lenyewe. Nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi kuwa sauti imekuwa kubwa mara mbili huhitajika kama desibeli 10.

Basi nikaamua kupima. Usiku, nyumba ilipotulia, nilizima friji, nikaiweka simu yenye programu ya kupimia sauti juu ya kiti cha baba, kimo cha sikio, mahali palipo na umbali sawa kutoka spika zote mbili. Simu si chombo cha maabara, na tarakimu zake hazifai kuapiwa. Lakini simu ile ile, mahali pale pale, yafaa kwa kulinganisha. Ukimya wa chumba ulikuwa desibeli 38. Nikapiga mlio mmoja mzito wa hezi 100, karibu na uzito wa sauti ya mwanamume. Spika ya kushoto peke yake ilitoa 68. Ya kulia ilitoa 67. Zote mbili pamoja zilitoa 59! Nilirudia mara tatu, na jibu halikubadilika. Badala ya kusaidiana, spika zangu zilikuwa zikipingana.

Nikazima amplifaya, nikachomoa nyaya za spika, nikafungua nyavu za mbele. Kisha nikazigusisha nyaya za kila spika kwa kitambo kidogo kwenye betri ya volti 1.5, waya mwekundu upande wa chanya, mke wangu akimulika kwa tochi. Karatasi ya spika ya kushoto ilisogea nje. Ya kulia ilizama ndani. Nyaya zilikuwa zimegeuzwa ndani ya ukuta. Nikazibadilisha upande wa amplifaya, bila kubomoa hata tofali moja. Nilipopima tena, zote mbili pamoja zilitoa 73.

Jambo moja lilinichoma moyo. Ni kweli mlio wa bunduki huzidi desibeli 140 na huharibu masikio. Lakini kwa kawaida huanza na sauti nyembamba, za hezi 3,000 hadi 6,000. Baba alikuwa akilalamikia sauti nzito. Laiti ningaliyasikiliza maneno yake, yangalinionyesha mapema kwamba kosa halikuwa lake.

Asubuhi nilikwenda chumbani kwake, nikamwomba radhi. Alinitazama kitambo, akasema, "Hata mimi nilikuwa nimeanza kukuamini, mwanangu." Jioni ile alirudi kitini pake.

Ndugu msomaji, wewe ambaye kazi yako ni ya bunduki, kinga masikio yako uwanjani na uyapeleke hospitali yakapimwe. Baba naye nitampeleka. Lakini nyumbani, kabla hujamhukumu mzee wako, pima kwanza chombo ulichokinunua mwenyewe.